Mashine ya kahawa inayosaga yenyewe: De'Longhi, Philips au Jura?

MamaTudor: Asalaam alaikum jamaa. Nataka mashine ya kahawa, ile unatia punje nzima juu, unabonyeza, inasaga na kumimina kikombeni. Nimeona De'Longhi Magnifica, Philips ya LatteGo na Jura. Ipi nzuri? Nataka kulipa kabla ya Ijumaa.

Kizingo_B: Waalaikum salaam. Dada, nzuri ya nini? Ya nyumbani au ya biashara? Vikombe vingapi kwa siku? Bajeti yako? Na maji, ya mfereji au ya kisima? Bila hayo tutakupigia ramli tu.

Abu_Bamburi: Philips, funga mjadala. Chombo chake cha maziwa ni vipande viwili, hakina mrija, waosha dakika moja. Kwa joto hili letu, maziwa yakilala mrijani usiku mmoja yashachacha.

FundiMajengo: Maziwa ni jambo dogo. Muulize anayeuza: ile sehemu inayokandamiza kahawa ndani, inatoka? Ya Magnifica na ya Philips unaichomoa, unaisuuza kwa maji matupu kila wiki. Ya Jura imefungiwa ndani, husafishwa kwa vidonge vyake. Kahawa ya Jura ni tamu, sikatai, lakini hapa pwani unyevu ukiingia, ukungu hauchelewi. Mimi napenda kinachofunguka.

Nasra_Mtwapa: Dada, nisikilize mimi niliyeungua. Nilikuwa na kibanda cha vitafunio Mtwapa, nikanunua mashine ya nyumbani kwa pesa za chama. Muuzaji aliniapia itastahimili biashara. Maji yangu ni ya kisima, yale ukiyachemsha birika labaki na utando mweupe. Mwezi wa kwanza raha. Wa pili kahawa ikaanza kutoka kwa kwikwi. Taa ya kuondoa chokaa ikawaka, nami nikaipuuza kwa sababu wateja wamesimama. Jumamosi moja asubuhi pampu ikalia kikavu, hata tone. Fundi alipofungua, mrija wa ndani ulikuwa umebaki tundu la kupitisha sindano. Alipokwangua, vikadondoka vigamba vyeupe kama vya yai. Nikabeba waranti dukani. Wakanionyesha mstari mmoja: matumizi ya nyumbani pekee. Niliilia ile mashine.

Abu_Bamburi: Pole sana. Lakini siki ingemaliza chokaa hiyo.

FundiMajengo: Siki hapana, Abu. Harufu haitoki na mipira ya ndani hudhurika. Tumia dawa ya chokaa iliyotengenezewa mashine. Na watu wanachanganya maji ya chumvi na maji magumu, yale yenye chokaa. Kichujio cha tangini hupunguza ugumu, chumvi hakiiondoi. Kama maji yako ukiyaonja yana chumvi, nunua ya mtungi.

Abu_Bamburi: Mtungi kila siku? Hiyo ni gharama ya mashine ya pili!

MamaTudor: Samahani, nilisahau kueleza. Nina vyumba vitatu vya wageni, nataka kahawa ya asubuhi. Vikombe kumi, siku nyingine ishirini. Maji ni ya kisima. Stima nayo hupotea.

Kizingo_B: Si nilisema! Hiyo ni biashara, dada. Waranti isome leo, si Ijumaa. Na usinunue punje nyeusi zinazong'aa mafuta, zinaganda kwenye kisagio. Kahawa ya Nyeri au Kirinyaga iliyokaangwa wastani yatosha. Tia ya siku hiyo tu, nyingine ifunike, unyevu unaua harufu.

Mzee_Kibokoni: Wanangu, mgeni aje Mombasa anyweshwe kahawa ya kubonyeza? Mwekee dele juu ya makaa, kahawa tungu yenye tangawizi, na kashata pembeni. Stima ikipotea, makaa hayana habari.

FundiMajengo: Mzee wangu, shikamoo. Ya dele huchemshwa, hii husukumwa kwa nguvu ya pampu. Ni vinywaji viwili tofauti. Na MamaTudor, usije ukatia kahawa ya unga yenye tangawizi kwenye mashine, nimeshazibua mbili.

Mzee_Kibokoni: Marahaba. Basi aweke vyote viwili.

Nasra_Mtwapa: Kashata ya njugu au ya nazi, mzee?

Mzee_Kibokoni: Ya nazi, mwanangu. Ya njugu huificha kahawa.

Abu_Bamburi: Hapo mzee umenikosea kabisa. Njugu!

MamaTudor: Nimeonja maji ya kisima sasa hivi. Yana chumvi. Mtungi wa lita 20 unakaa siku ngapi kwa vikombe ishirini?