The Blue Nile: walisifiwa ju ya nyimbo ama ju ya kuchelewa?

kayole_usiku

Wasee habari za jioni, nina swali na najua hapa kuna watu wa muziki wa zamani kwa hivyo msinicheke. Kuna hii bendi ya Glasgow inaitwa The Blue Nile. Nilifika kwao kwa njia ya aibu kidogo, dadangu mdogo ni shabiki sugu wa Taylor Swift, ile albamu yake ya Aprili 2024 ilitoka wakati mvua ilikua imetufungia nyumbani, akaicheza mpaka majirani wakaijua, na kuna wimbo mmoja anawataja hawa jamaa pamoja na wimbo wao The Downtown Lights. Nikaenda kutafuta. Kuandika tu Blue Nile naletewa ramani ya Ethiopia na Ziwa Tana, halafu duka la pete za uchumba, bendi iko huko chini.

Sasa juzi nikaskiza Hats, ile ya 1989, nyimbo saba tu hata dakika arobaini haifiki, nikiwa kwa mathree ya mwisho kutoka tao, mvua inapiga dirisha, Jogoo Road taa zote zimemwagika kwa lami, konda amechoka hata haiti watu, na sitawadanganya, nilipitisha steji yangu. Nililipa boda mia moja kunirudisha.

Swali ni hili. Nimesoma wahakiki, wa zamani na wa sasa, na karibu wote wanaisifu hiyo albamu hadi unashangaa. Lakini kila mmoja anaanza vile vile, ati albamu nne kwa miaka ishirini, 1984, 1989, 1996, 2004, ati walitupa kazi wakaanza upya. Hesabu ya miaka inapewa aya tatu, muziki wenyewe unapewa mistari miwili ya mvua na taa za barabarani, kwisha. Kwani walisifiwa ju ya nyimbo ama ju ya kuchelewa? Ju hapa kwetu msanii akinyamaza miaka miwili tunasema ameisha.

fundi_wa_luthuli

Kijana umeuliza vizuri, ngoja nikuambie kutoka upande wangu wa mashine. Mimi natengeneza deki na amplifaya miaka mingi na hii bendi niliijua kupitia wateja kabla nijue ni watu gani wanaimba, ju albamu yao ya kwanza, A Walk Across the Rooftops, ilitolewa na Linn, na Linn hawakua watu wa muziki, walikua kampuni ya Glasgow ya kuunda vifaa vya sauti, deki yao ya LP12 iko tangu miaka ya sabini na bado wanaiunda. (Si ile Linn ya mashine ya ngoma, hiyo ni ya Mmarekani mwingine kabisa, watu huchanganya.) Kwa hivyo wenye mashine za bei walikua wanabeba hiyo santuri dukani kujaribia spika, na hapo ndio hadithi ya kwanza ya uongo ilizaliwa, ati bendi iliundwa kutangazia deki. Si kweli. Walikua wameanza mapema, walitoa wimbo mmoja 1981 kwa lebo inaitwa RSO, na kabla wimbo upate miguu lebo ikamezwa na PolyGram, wakabaki bila kwao.

Sasa kuhusu muziki, ju umesema wahakiki hawauongelei na hapo nakubaliana na wewe. Walikua watatu, Paul Buchanan anaimba, Robert Bell besi, Paul Joseph Moore kinanda, na hawakua na mpiga ngoma wao. Fundi wao wa studio alikua Calum Malcolm. Ukiskiza kwa spika nzuri kitu cha kwanza utagundua ni vile wameacha nafasi. Kinanda kinapiga kinanyamaza, ngoma inagonga mara moja halafu unangoja, na ile sauti ya Buchanan inaingia hapo katikati ikiwa kavu, kama mtu anaongea na wewe jikoni watoto wamelala. Albamu nyingi za miaka hiyo zilijazwa vinanda mpaka juu kama sufuria ya githeri ya harusi, na leo ukizicheza unaskia mwaka zilipotengenezwa. Hii ya hawa haina huo mzigo, hata kama vinanda ni vya wakati ule ule. Hiyo kazi ya kutoa, si ya kuongeza, ndio inakula muda. Mimi kuchelewa nakuelewa hivyo. Kuweka vitu ni rahisi, mtu yeyote anaweka.

wa_rongai_tu

Mimi nilijaribu nikalala. Kweli kabisa, nililala wimbo wa tatu.

Na si kwa ubaya lakini huyo jamaa kila wimbo anatembea barabarani usiku akijiuliza kama bado anapendwa, ndugu si umpigie simu?? Halafu wahakiki ni wale wale, mzee mmoja kwa gari peke yake, ameachwa, ndio anaandika ati ni kazi bora ya binadamu. Wangekua bendi ya Kisumu na watoe albamu nne kwa miaka ishirini hakuna mtu angewaita waangalifu, wangeitwa wavivu. Hiyo ndio shida yangu na hii story yote, kuna watu wakichelewa ni ustadi na wengine wakichelewa ni uzembe.

fundi_wa_luthuli

Rongai hapo mwisho umenipata, sina jibu. Lakini ulilala ju uliskiza na simu.

binti_kibokoni

Hamjambo. Mimi ni mtu wa Mombasa, niko South B kikazi, nimesoma nikashindwa kunyamaza.

Kayole, umeandika kama kwamba sifa za wahakiki zilikuwa moja kwa albamu zote nne, na sivyo. Hats ndiyo iliyopata sifa kubwa, jarida la Q la Uingereza liliipa nyota zote tano. Ile ya 1996, Peace at Last, waliingia na gitaa na kwaya ya injili, na mapokezi yakapoa, wengi waliona ni nzuri ila si ile. Ya 2004 hivyo hivyo, waliiheshimu zaidi ya kuipenda. Sasa tazama chati za Uingereza. Ya kwanza ilifika nambari 80. Hats 12. Ya tatu 13. Ya nne 10. Yaani iliyofika juu kabisa ndiyo iliyosifiwa kidogo, na ile ya kwanza, ambayo leo inatajwa kama johari, karibu ipite bila kuonekana. Kwa hivyo kama kuchelewa ndiko kulikowapa sifa, mbona ile ya 2004, waliyoichelewesha miaka minane, haikupewa sifa kuliko zote? Kuchelewa kuliwaletea wanunuzi, naona. Watu waliosubiri wakakimbilia dukani wiki ya kwanza. Sifa zilitoka kwingine.

Na kuhusu kulalamika kwa mapenzi, kaka wa Rongai, kwetu hilo si kosa. Nimelelewa na santuri za taarabu za Juma Bhalo nyumbani, mwanamume mzima anaimba kuwa moyo umemshinda, na wazee wametulia wanatingisha vichwa, hakuna aliyemwambia apige simu. Tofauti ninayoiona ni kwamba taarabu huyaficha hayo kwenye mafumbo, unasema ua, unasema njiwa, na mwenye kujua anajua. Buchanan hana fumbo hata moja. Maneno yake ni ya kawaida sana, ukiyaandika kwa karatasi hayana kitu, taa, barabara, Jumamosi. Mzigo wote umebebwa na sauti, na hilo wahakiki hawawezi kuliandika, ndiyo maana wanakimbilia mvua na hesabu ya miaka. Hata mimi hapa nimekimbilia chati.

sundowner_saa_kumi_na_mbili

Nyinyi mnazunguka na mnaijua hii bendi bila kujua. Rod Stewart aliuimba huo wimbo wao wa The Downtown Lights 1995 na Annie Lennox akauimba mwaka huo huo. Aliyekulia na redio ya KBC hawezi kuniambia hajui Rod Stewart.

wa_rongai_tu

ya Annie Lennox naijua!! mamangu alikua na kaseti. Hiyo ni nzuri, hiyo silali

kayole_usiku

Hahaha Rongai umeshikwa.

Binti, hiyo ya chati imenibadilisha kidogo, sikua nimeona hivyo. Nilidhani ni ile kawaida ya bendi isiyouza ndio inapendwa na wahakiki, kumbe nambari 12 si kukosa wanunuzi. Ingawa bado nina kinyongo na wahakiki. Mtu anaweza kuandika maneno elfu moja kuhusu albamu na nikimaliza kusoma sijui kama kuna gitaa ndani. Fundi ameniambia kuhusu ile nafasi kwa sentensi mbili na usiku huo huo nimerudi kuskiza nikaiskia, iko hapo wazi, hata kwa iafoni za mia mbili.

Nimejaribu pia ile ya Buchanan peke yake ya 2012, Mid Air, piano na sauti basi. Hiyo ni ya mtu ameshakubali. Sijafika huko.

Swali la mwisho, fundi, Hats ya santuri nikiipata, uko na deki naweza kuskizia hapo dukani?

fundi_wa_luthuli

Iko moja ya mteja hajarudi tangu Desemba, inafanya kazi. Kuja siku ya katikati ya wiki, asubuhi, kabla majirani wafungue wale wa kucheza gengetone kujaribia spika. Na sindano usiguse, nitaiweka mimi.