LUPANGO YA KATUBA 🥊

JUMATATU

Yaya Deo, 06:12
Habari ya asubuhi familia. Nakumbusha tena: tarehe 30 mwezi wa kumi Papa Champion anarudi ulingoni. Ni tarehe ileile ya Ali na Foreman, Kinshasa 1974, nimeichagua kwa makusudi. Mpinzani ameshakubali, ni yuleyule wa Kenya. Mchango ni dola 20 kila nyumba, tumeni M-Pesa kwenye namba yangu. Walioleta mpaka sasa: Deo.

Yaya Deo, 06:14
Deo ni mimi.

Yaya Deo, 09:40
Naona mumesoma wote.

Kadogo, 09:52
Yaya macho inasoma, mufuko haijui kusoma 😂

Shemeji wa Dar, 10:05
Shikamooni wakubwa. Samahani kuuliza, huyo mpinzani anatoka Kenya? Nauli ya Nairobi hadi Lubumbashi analipa nani?

Kadogo, 10:06
😂😂😂😂 Shemeji!! Kenya ya hapa! Komini ya Lubumbashi! Kama hakuna mvua anakuja na miguu

Shemeji wa Dar, 10:09
Aaa. Mimi nilishaanza kuwaza habari za viza.

Kadogo, 10:10
Muvushe Kasumbalesa ndani ya lori yako, kama mafuta ya kula 😂

Yaya Deo, 10:31
Tafadhali tusipoteze mwelekeo. Pesa ya mlangoni ni ya mabati ya ukumbi wa watoto. Mvua zikianza watafanyia mazoezi wapi? Nahitaji jibu la viti, hema na daktari. Neema, wewe ni nesi, ongea na daktari wenu.

Mama Likasi, 13:20
Deo mi niko na ulizo moja tu. Mulango nani atashika

Yaya Deo, 13:22
Mlango gani mama?

Mama Likasi, 13:22
Pale batu banalipia. Bahasha itakuwa mu mikono ya nani

Yaya Deo, 13:25
Kutakuwa na kamati.

Mama Likasi, 13:26
Hata Kolwezi kulikuwa kamati

Yaya Deo, 13:40
Mama, kwa heshima yote, mambo ya Kolwezi tulikubaliana hayaingii humu.

Mama Likasi, 13:41
Mulikubaliana na nani. Baba yako njo alishika bahasha, na cherehani ilikuwa ya mama yangu

Kadogo, 13:44
Nani iko na picha ya Papa Champion na ile nywele ya zamani? Ya afro 😂

Mama Likasi, 13:45
Kadogo nyamaza

Neema, 20:17
Ndiyo natoka zamu. Yaya Deo, kabla sijamuuliza daktari, unajua Papa anakunywa dawa gani?

Yaya Deo, 20:20
Za presha. Nani hanywi za presha siku hizi.

Neema, 20:26
Na aspirini kila siku, tangu ule ugonjwa wa mwaka jana. Hiyo inafanya damu isigande haraka. Sasa sikiliza. Mtu akizeeka ubongo unanywea kidogo, mishipa inayouunganisha na ganda la kichwa inabaki imevutika. Ngumi ambayo kijana anaitikisa kichwa na kucheka, kwa mzee inaweza kukata mshipa mmojawapo. Na damu haitoki siku hiyohiyo ukaiona. Inaweza kuvuja polepole, wiki zinapita, mnaanza kushangaa mbona anasahau majina, mbona anaburuta mguu.

Yaya Deo, 20:30
Atavaa kofia.

Neema, 20:33
Kofia inazuia ngozi isipasuke. Ubongo ndani unatikisika vilevile. Hata kwenye Olimpiki ya Rio 2016 wanaume walipigana kichwa wazi.

JUMANNE

Shemeji wa Dar, 07:48
Dada Neema nakuelewa, ila tusimkatishe mzee tamaa. Foreman huyohuyo aliyelala Kinshasa raundi ya 8 aliacha ngumi 1977, akawa mchungaji, akarudi 1987. Tarehe 5 Novemba 1994 akamlaza Michael Moorer raundi ya 10, ana miaka 45. Na alivaa bukta ileile nyekundu ya Kinshasa! Miaka ishirini ameitunza!

Yaya Deo, 07:50
ASANTE SHEMEJI 👏👏👏 Hao ndio watu tunaowataka kwenye kikundi.

Shemeji wa Dar, 07:51
Pacquiao naye 2025, miaka 46, katoka sare na bingwa.

Kadogo, 07:55
Bukta ya Papa Champion iko. Lakini tumbo ilihama 😂 na glavu panya ilizalia ndani

Neema, 08:20
Shemeji, Foreman alirudi na miaka 38, na kabla ya kumfikia Moorer alikuwa ameshapigana zaidi ya mara ishirini. Hiyo ni kazi ya miaka saba. Papa ana 61, na kazi yake ya miaka yote hiyo ni kulinda depo usiku. Mbona humtaji Holyfield? 2021, miaka 58, hakumaliza raundi ya kwanza.

Kadogo, 08:24
Na Tyson? 58 vilevile, 2024. Raundi 8 za dakika mbili mbili, yule kijana wa mitandao akamushinda kwa pointi. Mi niliangalia mpaka mwisho, muzee alikuwa anang'ata glavu tu

Kadogo, 08:24
Lakini mufuko wake haukung'ata kitu, ulijaa 💰

Yaya Deo, 08:40
Ndiyo maana kamati imepunguza: raundi 3, dakika 2, glavu za aunsi 16. Ni pambano la heshima, si la kuuana. Mbona mnaongea kama nampeleka machinjioni?

Mama Likasi, 08:43
Kamati njo batu gani? Mutaje

Baba Mapacha, 12:02
Mimi niko hapa lupangoni, acha niseme nilichokiona. Juzi jioni nilienda kuchota maji nikamkuta Papa nyuma ya jiko anajifunga bendeji. Ncha moja ameing'ata kwa meno, anazungusha kiganjani, anapitisha kati ya vidole kimoja kimoja, anarudi kifundoni. Hakukosea hata mzunguko mmoja. Mkono wa kulia ulikaa sawa. Alipofika wa kushoto akafunga, akafungua, akafunga tena. Ulikuwa unatetemeka. Aliponiona akaniambia ni baridi.

Baba Mapacha, 12:03
Hakukuwa na baridi.

Neema, 12:10
Tangu lini?

Baba Mapacha, 12:15
Sijui. Sikuwa naangalia mikono yake.

Yaya Deo, 12:41
Anaweza kuwa amechoka. Analala mchana, jua linaingia chumbani. Jamani, viti. Nani anamfahamu mwenye viti vya plastiki?

Kadogo, 16:30
Nkambo anasema nimutumie simu aongee. Ngojeni

Kadogo, 16:38
🎤 Ujumbe wa sauti (3:51)

Baba Kipushi, 16:45
Sina mega. Aandike mtu.

Kadogo, 17:20
Naandika kama alivyosema, musinilaumu:

"Deo, nimesomewa yote. Siku ya Kinshasa tulisikiliza redio ya jirani, kule kwao saa kumi alfajiri, huku kwetu ni kumi na moja. Mdogo wangu alikuwa mtoto. Ali aliposhinda akalipiga gunia la unga wa bukari kwa ngumi mpaka likapasuka, na fimbo nikala mimi kwa sababu mimi ndiye mkubwa. Siku hiyo wote tulikuwa wa Ali. Lakini huyo Ali naye alirudi, 1980, mbele ya Holmes, mpaka watu wa kona yake wenyewe wakasema basi. Halafu 1996 nikamwona kwenye televisheni, Olimpiki ya Atlanta, ameshika mwenge wa moto, mkono unatetemeka, na watu wanapiga makofi. Mimi sikupiga.

Neema amesema ya dawa, nimemsikia. Mimi nasema ya kidevu. Kidevu cha mdogo wangu kilivunjwa na huyuhuyu wa Kenya mnayemwita mpinzani. Meno yalifungwa kwa waya, nikamnywesha uji kwa mrija, nikamfuta mate, usiku nikalala nimekaa nisije nikasikia anakabwa. Wewe Deo ulikuwa bado unanyonya. Anayelitaka pambano hilo aje kwangu Jumapili baada ya misa, akae kwenye kiti, aniambie nani atanywesha uji. Mimi sitanywesha tena.

Na wewe wa Likasi, cherehani iache. Mama aliiuza mwenyewe kwa mkono wake, nilikuwepo, ulikuwa shuleni. Pesa ya Kolwezi ni neno lingine. Hiyo sijaimaliza."

Neema, 17:24
🙏🏾

Shemeji wa Dar, 17:31
Shikamoo bibi.

Yaya Deo, 21:06
Nkambo, tumesikia. Asante.

Mama Likasi, 21:50
Ujumbe huu umefutwa

JUMATANO

Yaya Deo, 06:30
Familia, nimefikiria usiku. Tunaweza kubadilisha. Wazee wawili wasipigane, waonyeshe tu: gunia, kamba, kivuli, halafu waingize watoto ulingoni wawafundishe. Mabati yatapatikana vilevile.

Neema, 06:41
Hapo niko nawe. Mchango wangu natuma leo.

Shemeji wa Dar, 06:55
Hata Sumbu Kalambay, mzaliwa wa hapohapo kwenu Lubumbashi, bingwa wa dunia wa WBA uzito wa kati 1987, alipotundika glavu akageukia kufundisha. Heshima yake iko palepale.

Kadogo, 07:02
Shemeji nani atalipa aone muzee anaruka kamba? Na yule wa Kenya ameshachapisha fulana. Iko na sura yake, chini wameandika KIDEVU

Neema, 07:03
Wameandika nini??

Kadogo, 07:04
KIDEVU. Mi nilinunua moja

Mama Likasi, 07:10
Kadogo utaivaa mu mwili gani? Uirudishe leo

Yaya Deo, 07:15
Nitaongea nao hao wa Kenya. Si vizuri. Lakini nao wameshalipa nusu ya hema, wakisikia tumegeuza watataka warudishiwe.

Mama Likasi, 07:16
Hiyo nusu walimupa nani

Yaya Deo, 07:30
Kamati.

Papa Champion, 07:58
Nimesoma.

Papa Champion, 08:03
Kamba ya kuruka ilikuwa juu ya msumari nyuma ya mlango wa depo ya zamani. Nani aliitoa?

Yaya Deo, 08:04
Papa shikamoo! Papa tuambie wewe mwenyewe, unasemaje? Kuonyesha au kupigana?

Neema, 08:06
Papa, kesho asubuhi nakuja kukupima presha. Na nitaangalia mkono wa kushoto. Usinywe kahawa.

Papa Champion, 08:20
Kesho asubuhi nakimbia.

Baba Mapacha, 08:22
Kamba iko kwangu Papa, watoto walifungia mbuzi. Naileta.

Neema, 08:22
Usiilete.

Yaya Deo, 08:31
Basi Jumapili baada ya misa, kwa Nkambo, wote. Nani anakuja? Andikeni ndiyo au hapana.

Yaya Deo, 12:15
Ndiyo au hapana.

Yaya Deo, 17:40
Neema, pesa yako nimeipata. Wengine?

Baba Kipushi, 19:52
Poleni nachelewa kusoma, huku umeme ulienda. Ile dola 20 ni ya pambano ao ni ya kilio cha wiki ile ingine?

Yaya Deo, 19:53
Ya pambano.

Yaya Deo, 19:53
Subiri kwanza baba, usitume bado.

Baba Kipushi, 19:55
Nimeshatuma. Kwa namba ya baba yako.