Mnaoshuka boda kabla ya kufika nyumbani, tupeane uzoefu (wanaume msome)

Mama Kiduchu: Jana nimerudi saa tatu usiku na boda. Kama kawaida nikashukia kwa Mangi, nikanunua kiberiti nisichokihitaji, nikangoja boda apotee ndipo nikaanza kutembea. Mume wangu yuko getini anacheka: "Unalipa nauli halafu unakuja kwa miguu?" Miaka sita ya ndoa, hajui kwamba sitaki dereva yeyote alijue geti letu. Nyie wenzangu mnafanyaje? Kina baba kaeni hapo hapo msikilize.

Zuwena Mbagala: Mie kanga haitoki kwenye pochi. Daladala ikijaa, mtu akianza kujibana nyuma yangu, najifunga, na begi naliweka katikati.

Mzee Kobe: Gari ikijaa hata sisi tunabanwa, mbona hatulalamiki?

Zuwena Mbagala: Wewe unabanwa na vikapu vya watu, mzee wangu. Usilinganishe.

Wanja_254: Huku Nairobi tunaita leso na iko kwa kila handbegi. Novemba 2014 tuliandamana baada ya mwanamke kuvuliwa nguo kwa steji ya matatu, eti amevaa vibaya. Sheria ilibadilishwa kabla mwaka haujaisha. Leso haikutoka kwa begi.

Nesi wa Zamu: Mmenitonesha. 2019, natoka zamu ya jioni, nimeteremka Mbezi Mwisho kama saa tano usiku. Nikachukua bajaji peke yangu. Mbele kidogo jamaa akakata kushoto, njia nisiyoijua, umeme umekatika mtaa mzima. Namuuliza, anasema njia ya mkato. Nikatoa simu nikaanza kuongea kwa sauti: "Ee kaka, niko kwenye bajaji, njooni barabarani na wenzako mnipokee." Jamaa kimya. Halafu akasema taratibu, bila kugeuka: "Dada, simu yako imezima. Kioo hakiwaki."

Tumbo likashuka. Kwenye tuta akapunguza mwendo, nikaruka. Goti likachunika, kiatu kimoja kikabaki ndani. Nikakimbilia taa niliyoiona, kumbe mama anakaanga chipsi. Hakuniuliza kitu. Alinisogezea kigoda kwa mguu, akaendelea kugeuza viazi. Hazijapita dakika mbili, bajaji hiyo hapo. Jamaa anashuka na kiatu changu mkononi: "Dada umesahau kiatu. Na nauli hujanipa."

Fundi Jongo: Sasa si alikuwa mtu mwema! Umemdhulumu kijana wa watu nauli yake.

Zuwena Mbagala: Mwema gani anayekwambia simu yako imezima gizani? Huyo aliona watu wapo, akageuza maneno.

Fundi Jongo: Labda alikuwa anamsaidia tu ajue simu imezima.

Shangazi Kaja: Jongo, wewe una dada?

Fundi Jongo: Ninao wanne. Mambo ya dada zangu yanahusu nini?

Mzee Kobe: Nesi, wewe mwenyewe unaonaje? Alikuwa mbaya au hakuwa?

Nesi wa Zamu: Hadi leo sijui, mzee. Nauli nilimpa. Kiatu nilikipokea ila sikukivaa, nilirudi na kandambili za yule mama.

Shangazi Kaja: Bebeni pilipili ya unga.

Zuwena Mbagala: Upepo ukigeuka unajikaanga mwenyewe. Piga picha pleti namba, mtumie mtu, na dereva akuone unatuma.

Wanja_254: Wengine wakiona hivyo wanakasirika, ndio unaharibu kabisa.

Mpemba Mpole: Naomba kuuliza bila kutukanwa. Usiku nikimkuta dada mbele yangu kichochoroni nifanyeje? Juzi nilimwambia "usiogope dada," akatimua mbio!

Nesi wa Zamu: Hahaha, hata mimi ningekimbia. Usiseme neno. Simama ujifanye unafunga kamba za kiatu, muache aende zake. Au vuka upande wa pili.

Mpemba Mpole: Nilikuwa na ndala.

Shangazi Kaja: Basi piga simu kwa mama yako, ongea kwa sauti. Hakuna anayemuogopa mtu anayegombezwa na mama yake.

Fundi Jongo: Nimempigia mdogo wangu sasa hivi. Anasema huwa ananitaja mimi kwenye simu za uongo. Mimi ndiye "kaka afande".

Mama Kiduchu: Wangu nimemsomea yote. Ameniuliza swali moja tu: kumbe si kwamba una deni kwa Mangi?