Trauti wa Mto Gura wanakataa nzi wangu, nirekebishe nini?

Mwanagenzi_Nyeri:
Wadau, naombeni ushauri. Navua trauti kwa nzi bandia (ndoana iliyofungwa ifanane na mdudu) kwenye Mto Gura, upande wa milima ya Aberdare, Kenya. Nina ufito wa futi 9 namba 6 (namba ni uzito wa mshipi unaoufaa), mshipi unaoelea, na lida, yaani uzi mwembamba kati ya mshipi na nzi, ya futi 9 inayoishia 3X (kipimo cha unene wa uzi). Shida ni tatu. Nikirusha, mshipi unaanguka rundo mbele yangu. Nzi ananasa kwenye matawi nyuma. Na hata akitua vizuri, samaki anapanda, anamtazama, anageuka. Nianzie wapi?

Ndoana14:
Anza na mkono. Mshipi unarundikana kwa sababu mbili ambazo kwa kawaida huja pamoja: unapeleka ufito nyuma mno mpaka mshipi unagusa majani, halafu unarusha mbele kabla haujanyooka. Ufito unahitaji uzito wa mshipi ulionyooka ndipo ukunjike na kufyatuka. Fikiria uso wa saa ya ukutani: nyuma komea kwenye 1, mbele komea kwenye 10 (namba zilizoandikwa, si saa kwa hesabu yetu). Geuza kichwa uuangalie mshipi. Ukinyooka tu, peleka mbele. Anza polepole, ongeza kasi, kisha simamisha ghafla. Ukitia nguvu zote mwanzoni, lida inajifunga vifundo, na kila kifundo ni mahali pa kukatikia. Ukikiona, kata ufunge upya.

Penye miti usirushe nyuma kabisa. Laza mita 5 au 6 za mshipi juu ya maji, rudisha ncha ya ufito taratibu hadi usawa wa sikio, mshipi uning'inie nyuma kidogo ya bega. Tulia kidogo, kisha piga mbele ukikomea juu. Ukipiga kuelekea chini, mshipi utatua miguuni pako. Mtupo huu ujifunzie mtoni, si uwanjani, kwa sababu maji ndiyo yanayoushika mshipi na kuukunja ufito. Nyasi haziushiki vya kutosha.

Namba 6 ni nzito kwa mto wa vichaka. Ukipata ufito mwingine, chukua wa futi 7.5 namba 4, na mshipi uwe namba hiyohiyo.

Maji_Baridi:
Hilo la kupanda na kugeuka ndilo la kutazama zaidi. Mara nyingi nzi anaburutwa. Maji ya katikati yana kasi kuliko ya kando, kwa hiyo yanauvuta mshipi ukafanya tumbo, na tumbo hilo linamvuta nzi. Mdudu halisi huelea kwa mwendo wa maji yanayombeba. Hata mburuto ambao wewe huuoni, trauti anauona.

Simama nyuma ya samaki, upande wa chini wa mkondo, maana hukaa ameelekeza kichwa kule maji yanakotoka, kisha rusha kuelekea juu ya mkondo kwa mshazari. Mara nzi akitua, inua mshipi kwa ncha ya ufito uulaze upande wa juu wa mkondo, kabla haujakaza. Kwenye vidimbwi vya kati ya mawe, sogea karibu, inua ufito, na uache lida peke yake iguse maji. Mita 4 bila mburuto zinashinda mita 15 zenye mburuto.

Pia 3X ni nene, milimita 0.20. Ongeza sentimita 60 za 5X, milimita 0.15. Laza ncha mbili sambamba, fanya kitanzi, pitisha zote mara mbili, lowesha kwa mate, kisha vuta ncha zote nne pamoja. Fundo likikazwa kavu, msuguano unaunguza uzi.

Mwanagenzi_Nyeri:
Asanteni sana. Na nzi yupi, hasa maji yakiwa na rangi baada ya mvua?

Ndoana14:
Maji maangavu: nzi aitwaye Pheasant Tail au Hare's Ear, ndoana namba 14 au 16 (namba ikikua ndoana inakuwa ndogo), mwenye shanga kichwani ili azame. Maji ya rangi ya chai: Kenya Bug namba 10, kwa kuwa weusi wake unaonekana. Yakiwa tope kiasi cha kutoona buti zako ukisimama magotini, ngoja yasafike. Tazama ncha ya mshipi. Ikisita hata kidogo, inua ufito. Ukingoja mpaka uhisi mkononi, samaki ameshamtema nzi.

Maji_Baridi:
Beba kipimajoto. Mayai ya trauti yaliletwa kutoka Scotland na mlowezi Mwingereza Ewart Grogan mwaka 1905 yakatiwa humohumo Gura, na samaki hawa bado ni wa maji baridi. Hula vizuri kati ya nyuzi 10 na 16. Zikipita 20 acha kuvua, kwa sababu hewa ndani ya maji ni kidogo na samaki unayemwachia anaweza kufa. Bana kijino cha ndoana (kile kinachozuia isichomoke) kwa koleo, lowesha mikono, usimkaushe ute.

Ndani ya hifadhi, nenda na askari wa wanyamapori. Nyati na tembo hutumia kingo hizohizo, na mngurumo wa maji unakuzuia kuwasikia.

Mwanagenzi_Nyeri:
5X haitakatika akija mkubwa?

Ndoana14:
Legeza breki ya rili (kigurudumu kinachokunja mshipi) kiasi kwamba ukivuta mshipi kwa vidole viwili utoke bila kushtuka. Akikimbia, mwache akimbie, ufito ukiwa juu. Akiruka, shusha ncha mara moja. Wengi hukatikiwa hapo.