Mzee wa Kijapani mwenye kisukari aliye mwishoni mwa maisha: HbA1c iwe ngapi, na nani anaruhusiwa kuchoma insulini?

Nguzo_Tatu aliuliza:

Wakuu, salaam. Naomba mwongozo kwa wanaoijua huduma ya wazee Japani. Mgonjwa ana miaka 87, ana kisukari cha aina ya pili cha miaka mingi, demensia imefika hatua ya kati, na siku hizi chakula anakiacha nusu. Asubuhi anameza glimepiride, kidonge cha kushusha sukari, usiku anachomwa uniti 14 za insulini ya muda mrefu. HbA1c (kipimo cha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita) ya mwisho ni 6.6%. Binti yake anasema kipimo ni kizuri, dawa zisiguswe. Familia imeamua abaki nyumbani hadi mwisho, lakini mchana binti yuko kazini.

Je, hiyo 6.6 ni salama? Kipunguzwe nini? Mhudumu wa nyumbani anaruhusiwa kumchoma? Na akifariki usiku wa manane, apigiwe nani?

Mfamasia_Zamu alijibu:

Kwa mgonjwa huyu 6.6 ni onyo. Mwaka 2016 chama cha kisukari cha Japani na kile cha tiba ya wazee walitoa malengo ya pamoja kwa watu wa miaka 65 na zaidi. Hawaangalii umri peke yake. Wanagawa wagonjwa makundi matatu kwa kutazama akili na uwezo wa kujihudumia. Mwenye demensia ya kati yuko kundi la tatu. Na kwa kuwa anatumia insulini na glimepiride, kidonge cha jamii ya sulfonilurea, lengo lake ni chini ya 8.5%, na isishuke chini ya 7.5%. Watu hukariri dari wakasahau sakafu. Kama asingekuwa na dawa zinazoweza kuporomosha sukari, lengo lingekuwa chini ya 8.0% bila sakafu.

Mwongozo huohuo unasema kwamba mtu akifikia mwisho wa maisha, kinachotangulia ni kuzuia sukari isipande kupita kiasi ikamkausha maji na kumletea matatizo ya ghafla. Kulinda macho na figo kwa miaka kumi ijayo hakumhusu tena.

Mzungumzeni na daktari, kwa mpangilio huu. Glimepiride iondoke kwanza. Inailazimisha kongosho kutoa insulini hata kama hakula kitu, na figo zikiwa zimechoka dawa hukaa mwilini. Ndiyo maana sukari ikishuka hupandishwa ikakaa sawa, kisha baada ya saa kadhaa ikaporomoka tena. Pili, insulini ihamie asubuhi na dozi ipungue. Ya usiku inafanya kazi alfajiri wakati kila mtu amelala.

Kama kuna metformin au dawa za kutoa sukari kwenye mkojo (SGLT2), mtu asiyekula wala kunywa vizuri asiendelee nazo: ya kwanza inaweza kuleta asidi ya laktiki, za pili humkausha maji na zinaweza kuleta asidi ya ketoni hata kipimo cha sukari kikiwa si cha kutisha.

Angalizo moja kubwa: haya ni ya aina ya pili. Mwenye aina ya kwanza haachishwi insulini kabisa hata kama hali chakula. Anabakizwa na dozi ndogo ya muda mrefu mara moja kwa siku.

Bibi_Sindano alijibu:

Naongezea upande wa uuguzi. Usingoje jasho na kutetemeka. Kwa mzee wa umri huu sukari ikishuka mara nyingi utaona usingizi usio wa kawaida, kukataa kijiko, maneno kuchanganyika au ukali wa ghafla, na nyumbani wanasema "demensia imezidi". Pima kwanza. Ikiwa chini ya 70 mg/dL na anameza vizuri, mpe gramu 10 za glukosi, pima tena baada ya dakika 15. Akiwa anatumia dawa nyingine za kisukari ziitwazo voglibose au acarbose, lazima iwe glukosi yenyewe; sukari ya mezani itachelewa kwa sababu dawa hizo huzuia isivunjwe tumboni. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kitaingia kwenye mapafu. Japani kuna glukagoni ya puani ya mg 3, mwombeni daktari aiandike mapema.

Kuhusu kuchoma: mhudumu wa kaigo (huduma ya matunzo ya wazee Japani) haruhusiwi. Anaweza kumkumbusha mgonjwa, kumpa kalamu, na kuhakiki kwamba namba kwenye kalamu ni ile aliyoandika daktari. Kuchoma ni kwa mgonjwa mwenyewe, familia, muuguzi au daktari. Hii ndiyo sababu nyingine ya kutaka dozi moja tu ya asubuhi: binti anachoma kabla ya kwenda kazini, au muuguzi wa kutembelea anapangwa saa hiyo.

Akishapewa daraja la bima ya kaigo, muuguzi huyo kwa kawaida hulipiwa na bima hiyo, na kila ziara inakula kikomo cha mwezi. Hali ikibadilika ghafla, daktari anaweza kutoa maagizo maalumu. Muuguzi akaja kila siku hadi siku 14 kwa bima ya matibabu badala ya kaigo. Familia nyingi hazilijui hili, na meneja wa kaigo asipoulizwa huenda lisitajwe.

Nguzo_Tatu:

Shukrani sana. Binti anaogopa kwamba kulegeza sukari ni kumtelekeza mzazi. Na vipi vyakula vitamu?

Bibi_Sindano:

Mwonyesheni ile sakafu ya 7.5 kwenye jedwali, ataona kwamba wataalamu wenyewe ndio wanaotaka ipande. Sukari ikicheza kati ya 100 na 270 bila kiu wala mkojo mwingi, mwacheni apumzike. Masharti ya chakula yaishe. Akitaka purini (kastadi tamu), ale purini. Kinachoangaliwa ni kumeza: kiti kimnyooshe mgongo, kidevu kielekee chini kidogo, vinywaji viwekewe unga wa kuvifanya vizito kama anapaliwa. Siku za mwisho kabisa, akiwa hanywi tena na ni aina ya pili, hata kumtoboa kidole kunaweza kuachwa.

Karani_wa_Kata alijibu:

Nimalizie swali la usiku. Msipige 119, namba ya dharura ya gari la wagonjwa. Wahudumu wa gari la wagonjwa kazi yao ni kufufua, na wakikuta ameshafariki huwaita polisi. Pigeni kituo cha uuguzi au kliniki inayomtembelea. Chagueni iliyosajiliwa kusaidia matibabu ya nyumbani, kwa maana hizo hupatikana saa 24.

Kuna uvumi kwamba daktari asipomwona ndani ya saa 24 kabla ya kifo, lazima polisi waje. Si kweli. Hata saa 24 zikiwa zimepita, daktari anakuja kumkagua, na akiridhika kwamba amekufa kwa ugonjwa aliokuwa akimtibu, anatoa cheti. Wizara ya afya ilisisitiza hilo mwaka 2012.

Tena fanyeni sasa mazungumzo yanayoitwa *jinsei kaigi*, yaani ya kupanga mapema huduma anayoitaka mwishoni mwa maisha, mzee angali na siku zake nzuri. Japani haina sheria inayompa mtu mmoja mamlaka ya kumwamulia mgonjwa tiba, na hata mlezi aliyeteuliwa na mahakama hana idhini hiyo. Kinachotegemewa ni maelewano yaliyoandikwa kati ya mgonjwa, familia na timu, na yanarudiwa kila hali inapobadilika. Waandike wazi: hospitali apelekwe kwa sababu zipi, dripu na mrija wa chakula vinatakiwa au la, na figo zikigoma asafishwe damu au asisafishwe. Hilo la mwisho kwa mgonjwa wa kisukari huja kweli, maana tangu 1998 kisukari ndicho kinachoongoza kuwaingiza Wajapani kwenye usafishaji damu. Nakala moja ikae karibu na simu, kwa sababu ndugu wa mbali aliyefika jana ndiye huwa wa kwanza kupiga 119.