Dracula ya 1931 au White Zombie ya 1932: ipi nianze nayo?

Mkwajuni
Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa nataka kumwonyesha baba mdogo picha moja la kutisha la zamani, la wafu wasiotulia kaburini. Nimebaki na Dracula na White Zombie. Zote kacheza Bela Lugosi, zote fupi. Ipi itamshika mtu anayeziona mara ya kwanza?

Mama_Reli
Dracula, wala usijiulize. Ile robo saa ya mwanzo tu inatosha: ngome, utando wa buibui, ngazi pana, na Lugosi, ndiye Dracula mnyonya damu, anashuka na mshumaa mkononi, taratibu, kama mtu mwenye usiku wote. Alishaicheza jukwaani New York tangu 1927, kwa hiyo kila neno analitoa kwa uzito wake. Kamera alishika Karl Freund, fundi aliyetoka kwenye sinema za Ujerumani. Angalia ule mwanga mwembamba unaoangukia machoni tu.

Kaskazi77
Dada, robo saa hiyo nakupa. Wakishafika London picha linapoa. Watu wanakaa sebuleni wanasimuliana: mbwa mwitu anakatiza uwanjani, sisi tunaambiwa tu na aliye dirishani. Ni mchezo wa jukwaani ule, na jukwaa halijautoka.

Kama ni Dracula, mkuu, tafuta ya Kihispania. Studio ya Universal walipiga mbili kwa wakati mmoja kwenye seti zilezile: mchana anaongoza Tod Browning kwa Kiingereza, usiku George Melford kwa Kihispania. Ya usiku kamera inatembea, inapanda ngazi mpaka kwa Dracula mwenyewe. Tatizo ni Carlos Villarías, Dracula wa humo, anatumbua macho kupita kiasi. Halafu ni dakika 104, wakati ya Kiingereza ni kama 75.

Bwana_Miwa
White Zombie mmeiacha hivihivi? Nimefanya kazi kiwanda cha sukari miaka tisa, naomba niseme.

Hadithi iko Haiti, na picha lilipotoka, nchi hiyo ilikuwa bado chini ya jeshi la Marekani, lililoingia 1915 na kuondoka 1934. Lugosi ni Legendre, mwenye kinu cha sukari kinachoendeshwa na wafu. Mgeni anaingia kinuni. Wanaume wamebeba vikapu vya miwa, wanapita kwenye njia nyembamba huko juu, wanamimina. Chini wenzao wanasukuma mti wa kinu, wanazunguka. Mmoja anayumba, anatumbukia. Hakuna anayegeuza shingo. Kinu hakisimami. Muziki hakuna, ni mbao tu zinalia. Na Legendre anamweleza mgeni kwamba watu wake ni waaminifu, saa nyingi za kazi haziwasumbui.

Kwetu huyo tunamjua, ni msukule. Msukule hatishi kwa kung'ata. Anatisha kwa sababu ni ndugu yako uliyemzika na kumlilia, kumbe yuko shambani kwa mtu, analimishwa usiku, hana ulimi wa kukuita.

Kaskazi77
Kaka, hapo umenigusa. Na mwanzo wake: gari la farasi lililobeba maharusi linakuta watu wanazika katikati ya barabara. Dereva, Clarence Muse, anaeleza kuwa wanazika pale ili wapita njia wasiwape nafasi wezi wa maiti. Ila niseme ukweli, wale maharusi wawili wanaigiza kwa kujikaza, na picha zima lilipigwa siku 11 kwa seti nyingi za kuazima. Tena huruma yote inakwenda kwa bibi harusi mzungu. Wale wa kinuni hakuna anayewatafuta.

Nyali_Usiku
Sisi wa pwani Dracula hatuhitaji kuelezwa. Magharibi ikiingia bibi alikuwa akituita ndani kwa kuogopa mumiani, wanyonya damu. Kura yangu kwa Lugosi wa ngomeni.

Mama_Reli
Mkwajuni, ukichagua White Zombie angalia nakala. Kule Marekani picha hilo halina tena hakimiliki, kwa hiyo mtandaoni zimejaa kopi za giza zenye sauti ya kukwaruza. Chukua iliyosafishwa.

Mkwajuni
Mrejesho, wakuu. Tumeangalia White Zombie. Baba mdogo alikaa kimya mpaka kinuni, akaniambia nirudishe nyuma. Tumerudia mara tatu. Akauliza, "Yule aliyeanguka anaitwa nani?" Nikamwambia hawajamtaja. Akasema nizime kwanza, akatoka barazani, baadaye akarudi tukamaliza.

Sasa anataka Dracula. Nimeona ipo yenye muziki aliotunga Philip Glass mwaka 1998. Niweke hiyo?

Mama_Reli
Hapana, weka isiyo na muziki, ukimya wa ngome ile mzee ausikie mwenyewe. Na mzime feni.