Dirisha kubwa la usajili: kati ya hizi tetesi nne za Simba, ipi inawezekana kiutaratibu?

Mnyama wa Tabata

Wakuu, salaam. Ligi imeisha na kila ukurasa wa michezo una orodha yake ya vyuma, yaani wachezaji wapya, vinavyoshuka Msimbazi kwa Simba. Nimechuja hadi zikabaki nne zinazojirudia. Majina nayaacha makusudi, maana nikiyataja uzi utageuka wa kutambiana na watu wa Jangwani, yaani Yanga.

Wa kwanza ni namba 9 kutoka Ivory Coast, mkataba wake unaisha Juni 30. Wa pili winga anayecheza Zimbabwe, mkataba hadi Desemba 31. Wa tatu kiungo mzawa mwenye miaka miwili mbele kwenye klabu nyingine ya Ligi Kuu, eti "atanunua mkataba wake". Wa nne beki wa kushoto wa mkopo kutoka Afrika Kusini.

Tuchukulie nafasi za wachezaji wa kigeni zimejaa zote 12. Ubora wao tuuweke pembeni kwanza. Nataka kujua kwa kanuni na kwa hesabu: nani anaweza kuvaa jezi siku ya Simba Day, klabu inapotambulisha kikosi, na kweli akacheza mechi ya kwanza ya mashindano ya CAF, shirikisho la soka Afrika?

---

Kifungu 18

Mkuu, umeuliza vizuri. Kwa wageni, jina la kutafuta kwanza ni la anayeondoka. Kama 12 wamejaa, kila pro (mchezaji wa kigeni) anayeshuka anahitaji pro mmoja atoke, na kumtoa ndiko kunakokula hela kuliko watu wanavyodhani. Njia ni nne: mkataba uishe, auzwe, apelekwe kwa mkopo, au mkubaliane kuvunja kwa maandishi na alipwe. Njia ya tano ya "kumtoa kwenye mfumo" huku mkataba wake unaishi ni ya hatari. Mchezaji aliyefutwa usajili akakaa bure ana hoja ya kuvunja mkataba kwa sababu za msingi na kudai mishahara yote iliyobaki, na FIFA huwa inawapa ushindi wachezaji wa namba hiyo. Pia klabu ikilimbikiza mishahara ya miezi miwili, mchezaji anaandika barua ya madai, anaipa siku 15, asipolipwa anaondoka na kesi mkononi. Hukumu ikitoka na klabu isilipe, inafungiwa kusajili. Kwa hiyo ukiona "thenki yu" tano za kuaga wachezaji zimetoka kwa siku moja, jiulize ni ngapi zimemalizwa kwa fedha na ngapi kwa picha ya kwenye Instagram tu.

Sasa wachezaji wako.

Namba 9 wa Ivory Coast ndiye mwepesi. Mchezaji anaruhusiwa kusaini kwingine mkataba wake ukibakiza miezi sita au chini ya hapo, kwa hiyo tangu Januari yuko sokoni. Klabu inayomtaka inatakiwa iiandikie klabu yake kabla ya kuanza mazungumzo, lakini haihitaji ruhusa yake. Clatous Chama alivyohama mtaa kwenda Yanga mwaka 2024 ilikuwa hivyohivyo: mkataba wa Simba uliisha, Julai 1 Yanga wakamtambulisha, Simba hawakuwa na cha kudai.

Winga wa Zimbabwe ndiye anayenivutia. Ligi yao inafuata mwaka wa kalenda, inaanza karibu na Machi na kuisha kuelekea mwisho wa mwaka. Maana yake Julai yuko fiti kimechi wakati wenzake wanatoka likizo. Na kwa kuwa mkataba unaisha Desemba 31, Julai anaingia ndani ya ile miezi sita. Klabu yake inajua ikikataa dau sasa, Januari anaondoka bure. Hapo bei inashuka yenyewe. Akisaini mkataba wa awali bila klabu yake kulipwa, hawezi kuja sasa, anakuja dirisha dogo la katikati ya msimu. Kwa hiyo ukisikia "amesaini", uliza: amesaini aanze lini?

---

Mnyama wa Tabata

Shukrani mkuu. Hiyo ya Zimbabwe sikuwahi kuifikiria. Sasa, kwa nini kuna wanaotambulishwa kwa fataki halafu mechi ya kwanza wanakaa jukwaani na miwani?

---

Karani wa Hati

Sababu kubwa ni karatasi. Kutambulishwa ni jambo la klabu, kusajiliwa ni jambo la mifumo, na mifumo iko zaidi ya mmoja.

Uhamisho wa kimataifa unapita TMS, mfumo wa FIFA wa kusajili uhamisho kwenye mtandao. Kama kuna mauziano, klabu zote mbili zinaingiza taarifa na lazima zilingane: kiasi, awamu za malipo, tarehe. Tofauti ya dola moja au tarehe moja inasimamisha kila kitu mpaka mmoja arekebishe. Kama ni mchezaji huru, klabu mpya inaingiza peke yake. Viambatanisho ni mkataba mpya, hati ya kusafiria, uthibitisho wa lini mkataba uliopita umeisha, na tamko lililosainiwa kwamba hakuna mtu wa tatu anayemiliki haki za kiuchumi za mchezaji. Umiliki huo FIFA imeupiga marufuku tangu Mei 2015. Panapokwama mara nyingi ni pale pa uthibitisho wa mkataba uliopita, maana klabu ya zamani haina haraka na wewe, na wakala ana nakala ambayo haijasainiwa. La pili ni jina: kwenye hati ya kusafiria ana majina matatu, kwenye mfumo ana mawili.

Vikikamilika, TFF (shirikisho la soka Tanzania) inaomba ITC, yaani hati ya uhamisho wa kimataifa, kwa chama cha nchi anakotoka. Zamani chama kiliweza kuizuia kukiwa na mgogoro wa mkataba. Baada ya hukumu ya kesi ya Lassana Diarra, kiungo wa zamani wa Ufaransa (siyo kipa wa Yanga), pale Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, Oktoba 2024, FIFA ilibadili kanuni kwa muda: mgogoro hauzuii tena hati, na chama kinapewa saa 72. Hati yenyewe haiuzwi. Anayekwambia "ITC imelipiwa" anachanganya mambo.

Mgeni bado anahitaji kibali cha kazi na kibali cha ukaazi. Halafu CAF wana orodha yao yenye tarehe yao, haifuati dirisha la TFF. Mchezaji anaweza kuwa halali kwa ligi Agosti na asiwe kwenye orodha ya raundi ya awali ya CAF kwa sababu jina lilipelekwa siku imepita. Kwa hiyo kigezo chako cha mechi ya kwanza ya CAF ni kigumu kuliko cha Simba Day. Simba Day anaweza kuvaa jezi hata asiye na karatasi, ile ni mechi ya kirafiki.

---

Namba Sita Mkongwe

Niongeze la vipimo, maana linapotoshwa sana. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba utegemee mchezaji kufaulu vipimo vya afya au kupata kibali cha kazi. Ukisaini leo na kesho goti likaonekana bovu, huyo ni wako na mshahara unaanza kuhesabiwa. Moyo, picha ya magoti na historia ya nyama za paja vinakaguliwa KABLA ya saini. Klabu inayompima mchezaji baada ya kumtambulisha inafanya maigizo ya kamera.

Na huyo namba 9, "bure" ni neno la mashabiki. Tufanye mfano wa hesabu: mshahara dola 5,000 kwa mwezi, miaka miwili, ni 120,000. Pesa ya usajili 60,000, kwa sababu wakala anajua hakuna klabu ya kulipwa dau. Umefika 180,000, sawa na 7,500 kwa mwezi kabla ya nyumba, tiketi za ndege na ya wakala. Winga wa Zimbabwe unayemnunua kwa 40,000 na kumlipa 3,000 kwa mwezi kwa muda huohuo anakugharimu 112,000. Asiye huru ndiye nafuu. Ila kwenye dau la kununua mtu kabla mkataba wake haujaisha kumbuka ile asilimia 5 ya mshikamano: inakatwa na kugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23, asilimia 0.25 kwa kila mwaka wa 12 hadi 15, na 0.5 kwa kila mwaka wa 16 hadi 23. Akiwa hajapita mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23, angalia na fidia ya mafunzo, malipo mengine kwa klabu zilizomlea. Klabu nyingi zinaisahau mpaka barua inapofika.

Umesema ubora tuuweke pembeni, lakini kwa namba 9 toa penalti kwenye mabao yake, kisha gawa yaliyobaki kwa dakika alizocheza, siyo kwa mechi. Mabao 14 yenye penalti 6 ni mabao 8.

---

Kifungu 18

Nimalizie kiungo mzawa, ambaye kwangu ndiye mwenye uwezekano mdogo kuliko wote, ingawa ndiye anayeandikwa zaidi.

"Kununua mkataba" kunawezekana pale tu mkataba wenyewe una kipengele kinachotaja kiasi na masharti. Kisome neno kwa neno: ni haki ya mchezaji peke yake, au kinahitaji pande zote zikubaliane? Feisal Salum Desemba 2022 aliweka Sh milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga na kuandika barua ya kuaga. Kamati ya TFF ikasema bado ni mchezaji wa Yanga. Akakaa nje nusu msimu, na Azam walimpata Juni 2023 baada ya klabu hizo mbili kukaa mezani. Awesu Awesu na KMC 2024, mwendo uleule: kamati ikamrudisha KMC, kisha klabu zikamalizana ndipo akacheza Simba.

Akivunja kwa nguvu bila sababu ya msingi, analipa fidia. Akiwa bado ndani ya kipindi cha ulinzi, yaani miaka mitatu au misimu mitatu kama alisaini kabla ya kutimiza miaka 28, au miwili kama alisaini baada ya hapo, anaweza pia kufungiwa kucheza. Zile ni kanuni za FIFA, lakini kamati zetu hazijawa rahisi zaidi kwa wanaovunja. Kwa hiyo kama Simba hawajapeleka ofa ya maandishi kwa klabu yake, hiyo tetesi iondoe kwenye orodha.

---

Mnyama wa Tabata

Basi mpangilio wangu unageuka: winga, namba 9, beki wa mkopo, kiungo. Huyo beki hamjamgusa.

---

Karani wa Hati

Beki anawezekana, ila anakula nafasi ya mgeni sawasawa na aliyenunuliwa. Mkopo hauzidi mwaka mmoja kwa makubaliano, na klabu haiwezi kuwa na zaidi ya wachezaji 6 wa mkopo kutoka nje kwa wakati mmoja. Kwenye karatasi angalia vitu vitatu: nani analipa mshahara na kwa asilimia ngapi, nani anagharamia upasuaji akiumia, na kama kuna bei ya kumnunua iliyoandikwa tayari. Bila hiyo bei, akiwaka msimu mzima mtarudi mezani Juni mnauziwa kwa bei ambayo nyinyi wenyewe mmeipandisha.

Na winga usimweke juu kabla hujajua nani anampisha. Nafasi bado ni 12.